Theluji ya Papa Gaston

Kila Julai, kabla simu yangu haijaadhini, hutoka nje nimevaa soksi mbili mbili, nikapiga goti mwanzoni mwa mteremko na kuweka kiganja juu ya matofali. Hukiacha hapo mpaka nihesabu thelathini. Nikikuta ni makavu nasimama, nashuka hatua kumi, napiga goti tena. Kutoka mlangoni kwetu hadi lango la chini ni hatua arobaini na mbili. Nikirudi ndani vidole vimekufa ganzi, na Shangazi Mwanaasha huniuliza kutoka kitandani kwake, "Haya, umeyapima homa matofali yako? Yameamkaje?"

"Yameamka salama, Shangazi."

"Basi na wewe kaa kitako."

Sikai. Mwezi huo mzima siwezi kukaa. Nitaosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. Nitafungua boksi la vifaa, nitazame mwiko, pima maji na nyundo ya mpira, nilifunge, halafu nilifungue tena kana kwamba kuna kitu kimetoroka. Mtaani kwetu theluji haijaanguka tena tangu ile ya mwaka 2023, na wenyeji wanasema huenda isianguke kwa miaka mingine kumi. Nawasikia. Mkono wangu hausikii.

Nyumba yetu iko mtaa wa Observatory, kwenye jiji la huku kusini kabisa mwa bara, upande wa kusini wa kilima, ule usioona jua kuanzia Juni hadi Agosti. Ni nyumba kuukuu ya mawe ambayo mwenyewe aliigawa vyumba, akahamia ng'ambo, akaniachia niitunze. Kazi yangu ni pevingi, kutandika matofali kwenye njia za magari na za miguu. Hakuna aliyenifundisha. Nilipofika kutoka Tanga nilikuwa nasimama upande wa pili wa barabara nikiwatazama mafundi wanavyofanya, na jioni nikiandika nilichokiona kwenye daftari. Mchanga wa mto upepetwe mara mbili. Penye mteremko mkali matofali yalale mshazari. Julai usimwagie saruji maji baada ya saa tisa alasiri, maana usiku yataganda na asubuhi itabanduka kama kigaga cha kidonda.

Hilo la mwisho niliandika mwaka wangu wa pili hapa. Nataka ijulikane kwamba niliandika kwa mkono wangu.

Chumba cha pembeni, chenye dirisha la barabarani, alikaa Papa Gaston na mkewe Hélène na binti yao Sagesse, aliyekuwa na miaka kumi. Gaston alikuwa fundi cherehani, mtu wa Bukavu, aliyekwisha kupita hamsini. Cherehani yake ilikaa hapo dirishani, ikilia kutwa. Lakini nyumba nzima, na nusu ya barabara, walimjua kwa jambo jingine: Gaston alikuwa ameishi Kanada. Miaka sita, Montréal, kabla karatasi hazijamkataa. Na huko kazi yake ilikuwa kuondoa theluji mbele ya nyumba za watu.

"Kule," alikuwa akisema, "theluji ikianguka, kila mutu anapashwa kufungua njia mbele ya mulango yake. Mutu wa posta akianguka mbele ya kwako, ni weye unaulizwa. Mi nilikuwa na nyumba saba. Saa kumi ya asubuyi niko inje na beleshi. Na beleshi unasukuma, hauinue! Ukiinua, mugongo inakufa."

Shangazi ndiye aliyempenda msimulizi huyo kuliko sote. Alinilea tangu nina miaka minne, na macho yake yalipoanza kufifia nilimleta huku kwa basi, siku nne njiani, nikitumaini matibabu. Mtoto wa jicho alikuwa amezifunika mboni zote mbili. Gaston kwake alikuwa kivuli chenye sauti nzito. Tukimaliza kula jikoni, akishajifuta mikono, alimwelekea yule kivuli na kusema, "Haya Gaston, tupeleke Kanada." Na Gaston alimpeleka. Alimwambia jinsi pumzi inavyoganda kwenye ndevu. Alimwambia kuhusu ajuza wa nyumba ya tano aliyekuwa akigonga kioo kwa kijiko ili kumwonyesha sehemu aliyoisahau. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilikuwa nasikiliza nikiosha vyombo, na kama fundi niliona maelezo yake yamenyooka. Mtu haijui sauti ya beleshi likigonga ukingo wa njia kama hajawahi kulishika. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Tarehe ya upasuaji wa Shangazi, wa jicho moja kwanza, ilitoka baada ya kungoja miaka miwili na miezi minne. Ilikuwa Jumanne, awepo wodini saa moja asubuhi. Muuguzi aliyetuandikia kikaratasi alituambia bila ukali wowote kwamba asiyetokea hurudi mkiani mwa foleni. Shangazi alikuwa na miaka sitini na tisa. Nilipiga hesabu ya miaka kichwani tukiwa bado tumesimama mbele ya dirisha lake, nikaikatisha njiani.

Kwa kuwa magoti yake hayakumruhusu kushuka mteremko wetu, nilipanga na Luqman, jamaa yetu wa Tanga anayebeba mizigo ya maduka ya Fordsburg, apandishe gari lake hadi mlangoni saa kumi na mbili kasoro robo.

Jumatatu, siku moja kabla, theluji ikaanguka.

Mwanzoni nilidhani ni majivu, mtu amechoma nyasi huko juu kilimani. Kisha Sagesse akatoka mbio bila viatu akipiga kelele, na mlinzi wa nyumba ya mbele akaacha kibanda chake, akanyanyua simu juu na kuirekodi mbingu. "Eish! Eish!" alikuwa akisema, hana neno jingine. Shangazi aliomba afunguliwe dirisha, akautoa mkono nje, akaulamba.

"Ina ladha ya bati," akasema. "Watu wanasafiri kwenda kutafuta hii?"

Hadi saa nane mchana ilikuwa imefika unene wa vidole vinne. Mteremko wote ulikuwa mweupe. Luqman akapiga simu kutoka Fordsburg: gari zilikuwa zinateleza kwenye robot, zile taa za barabarani, mbili zimeshabusiana mbele ya macho yake. "Huko kwenu kilimani sipandi kesho na hiyo kitu chini," akasema. "Kama hamwezi kuiondoa, niambieni mapema."

Tukatazamana. Halafu sote, bila kuambiana, tukageukia dirisha la pembeni.

"Papa Gaston," Hélène akaita, akicheka, "leo ni siku yako!"

Gaston alitoka polepole, mikono mfukoni. Alisimama barazani akiutazama ule weupe kwa muda ambao ulinishangaza, mtu na kazi yake ya zamani. Kisha akashuka ngazi, akainama, akaugusa.

Aliuvuta mkono kama aliyegusa jiko. Akakitazama kiganja chake, mbele na nyuma, na usoni mwake kulikuwa na jambo ambalo muda mfupi kabla nilikuwa nimeliona usoni mwa Sagesse.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hakuna mwingine aliyeona.

Aliponyanyuka alikuwa amerudi kuwa Gaston tuliyemjua. "Maji ya moto," akasema. "Ya moto sana. Munamwaga kuanzia juu, inayeyuka yote, tunafagia, njia inabaki safi sawa sahani."

Ilikuwa imekaribia saa kumi. Nilijua nilichokiandika. Nilijua pia bomba la uani, ambalo lilikuwa likivuja matone kila kipupwe, na kila asubuhi ya Julai nililikuta limeota ndevu za barafu zilizoshuka hadi chini, na matofali yaliyo chini yake nilikuwa nimeyabadilisha mara tatu. Nikafungua mdomo. Sagesse alikuwa amemshika baba yake koti, anamtazama kama mtu anavyotazama mlima.

"Nikalete sufuria," nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Alikuwa mkubwa wangu. Alikuwa mbele ya mkewe na mwanawe. Na labda, nilijiambia, huko Montréal kuna namna ya kumwaga ambayo mimi siijui. Watu hunisifu kwamba si mwepesi wa kumhukumu mtu. Siku ile nilijificha ndani ya sifa hiyo kama ndani ya koti la kuazima.

Kazi yenyewe ilikuwa sherehe. Tulichemsha maji kwenye gesi, kwenye birika, na kwenye mbaula, jiko la bati lililotobolewa, uani kwa kuni za mbao nilizobakiza. Mvuke ulipanda hadi juu ya paa. Gaston alisimama katikati na fagio akitoa amri: "Sukuma, hauinue! Sagesse, kando! Karimu, ngazi nayo, usisahau ngazi!" Sikusahau ngazi. Nilimwaga kuanzia juu hadi chini, hatua zote arobaini na mbili, na njia ya miguu mbele ya lango pia, na theluji ikakimbia mbele ya maji kama povu la nguo. Kufikia magharibi mteremko ulikuwa mweusi, unang'aa. Mlinzi wa mbele akapiga makofi.

Shangazi alikuwa dirishani muda wote, kichwa ameinamisha upande wa kelele. "Gaston," akasema, "leo umetuletea Kanada mpaka mlangoni."

Gaston aliinamisha kichwa. Alikuwa akifuta fagio kwa kitambaa, ubua baada ya ubua.

Usiku anga likatakata.

Alfajiri niliweka mguu wa kwanza nje ya ngazi, na wa pili haukupata pa kukaa. Niliteleza kwa makalio hadi hatua ya tisa, nikashika bomba la maji ya mvua ukutani. Nilipowasha tochi ya simu niliona mwanga umelala chini yangu kwa utulivu kabisa, kama ndani ya kioo cha kabati. Matofali yangu yote yalikuwa pale, kila moja na mshazari wake, chini ya kioo hicho. Nilibaki nimeketi. Nilikuwa sina la kushangaa. Hicho ndicho kilichoniumiza, kwamba sikushangaa.

Saa kumi na mbili kasoro kumi Luqman akafika. Alijaribu mara moja. Magurudumu ya mbele yalizunguka yakilia, gari likapanda urefu wake mwenyewe, likasita, kisha likarudi nyuma lenyewe taratibu mpaka likaegemea ukuta wa jirani.

"Karimu!" akaita kutoka dirishani. "Mmemwaga nini huku, bwana? Mafuta ya nazi?"

Nilichukua beleshi. Lilidunda. Nusu mfuko wa mchanga niliokuwa nao uani ulikuwa umeganda, mgumu kama kichwa cha ng'ombe. Majivu ya mbaula yalinitosha hatua kumi. Upande mmoja wa mteremko ni ukuta wa mawe, upande mwingine ni ukingo unaoshuka kwa jirani, na ngazi za watembea kwa miguu nilikuwa nimezimwagia kwa uaminifu, moja moja. Hapakuwa na njia nyingine ya kushuka. Umeme ulikuwa umekatwa kwa zamu yetu. Nyumba nzima ikatoka barazani na simu zao zikimulika, na katikati yao Shangazi ameketi kwenye kiti, amevaa koti, kanga juu ya koti, kipochi mapajani chenye kile kikaratasi.

"Mbona gari halipandi?" akauliza.

Akakishika kipochi kwa mikono miwili.

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili na dakika tano, Shangazi."

Gaston alikuwa amesimama kwenye mlango wake. Nilimgeukia. Sikuinua sauti. Sijui kuinua sauti, na huenda ingekuwa heri ningejua, maana makelele yana kona za kujifichia.

"Papa Gaston," nikasema, "kule Montréal, maji ya moto mlikuwa mnamwaga saa ngapi?"

Simu zote zikamwelekea, si kwa kukusudia, watu hugeuka tu na mwanga wao. Aliupandisha mkono mbele ya uso. Hélène akamtazama. Sagesse akamuuliza kwa Kiingereza chake cha shuleni kama amesahau, halafu, baada ya kumtazama zaidi, akaacha kuuliza. Nilimwona akiacha. Kulikuwa na kitu kinazimika usoni mwa mtoto yule, na mimi ndiye niliyekipuliza.

Gaston akaingia ndani na kufunga mlango.

"Amekimbia," mtu akasema nyuma yangu.

Alirudi akiwa na majora mawili ya sufu nyeusi, moja kila bega, na soksi tu miguuni. Ilikuwa sufu ya makoti ya kwaya ya kanisa moja la Bertrams, ambayo wiki hiyo alitakiwa kuanza kuikata. Hakuniangalia. Alifunga ncha ya jora la kwanza kwenye nguzo ya baraza, mafundo matatu, akalisukuma kwa mguu. Likajikunjua lenyewe kushuka mteremko, likifanya sauti ya bawa. La pili akaliunga kwa pini pale la kwanza lilipoishia. Nikaelewa. Nilizoa majivu yaliyobaki, nikayanyunyiza juu yake, na baridi ya chini ikaishika ile sufu kama gundi.

"Mama," Gaston akamwambia Shangazi, "simama. Tunashuka."

Alipiga magoti mbele yake, akielekea juu, mgongo wake kwenye mteremko. Mimi nilikaa nyuma ya Shangazi, nikimshika kiuno.

"Leta mukono. Weka kwa kichwa yangu."

"Kichwani kwako? Si adabu."

"Adabu ilale leo."

Akauweka. Gaston akashika kifundo cha mguu wake wa kulia kwa mikono miwili, akaushusha, akaukandamiza kwenye sufu. "Njo vile. Sasa ya kushoto." Akarudi nyuma kwa magoti. "Ya kulia." Kila hatua ilikuwa hivyo. Suruali yake ilichanika goti, nami nilisikia kitambaa kikitengana. Luqman kule chini alitumulika kwa taa za gari. Penye hatua ya ishirini, ukingo ule upande wa kushoto, Shangazi alisimama kuvuta pumzi.

"Gaston."

"Mama."

"Na hii nayo mlikuwa mkiifanya Kanada?"

Kundi la ndege waitwao hadeda likaanza kelele zake upande wa pili wa kilima.

"Hapana, Mama," akasema. "Hii ni ya leo."

Shangazi aliitikia kwa mkono. Alimpapasa kichwani mara moja, kama anayelainisha unga, na tukaendelea.

Tulifika hospitali saa moja na dakika ishirini na tano. Jina lake lilikuwa limeitwa mara mbili. Nilikuwa bado nahema kwenye korido lilipoitwa la tatu.

Kesho yake walipomfungua bandeji alinitazama mimi kwanza, kwa muda mrefu, akilisogeza jicho lile moja kutoka paji hadi kidevu. "Umezeeka, mwanangu," akasema. Kisha akawatazama wengine wote wodini bila haya, kila mtu na uso wake, kama mtu aliyeingia sokoni na kapu tupu. Ndani ya gari hakuacha kusoma mabango kwa sauti. Tulipofika nyumbani, mteremko umeshakauka, akauliza, "Gaston yuko wapi? Nataka nimwone."

Gaston alikuwa ametoka. Siku iliyofuata pia alikuwa ametoka. Cherehani ilikaa dirishani imefunikwa shuka. Aliondoka kabla hatujaamka na kurudi tukishalala, na siku moja nilipokutana naye langoni alininyanyulia mkono bila kusimama, kama mtu anayemsalimu dereva. Jikoni hakuja tena. Sagesse alikula amesimama. Mwisho wa mwezi wakahamia mtaa wa Troyeville. "Ni karibu na kazi," Hélène akaniambia akifunga sufuria kwa kanga, ingawa kazi ya mumewe ilikuwa hapo hapo dirishani miaka yote.

Agosti nilikwenda Troyeville mara mbili kwa miguu. Mara ya kwanza nilifika kona ya mtaa wao nikageuka. Mara ya pili niliiona cherehani kwa mbali nyuma ya kioo, na kichwa kimeinama juu yake, nikasimama upande wa pili wa barabara kama nilivyokuwa nikisimama zamani kuwatazama mafundi. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikayapanga upya. Nikarudi nyumbani nikaondoa safu nzima ya matofali yasiyo na kasoro karibu na lango, nikayatandika tena.

"Jicho hili nimelipata kwa magoti yake," Shangazi akaniambia usiku huo, "nami sijamwona hata pua. Jumapili utanipeleka, au nitaulizia njia mwenyewe."

Jumapili ya kwanza ya Septemba nilimpeleka. Hélène alitufungulia, akashangaa, akapisha njia. Chumba kilikuwa kimoja, pazia katikati, Sagesse nyuma ya pazia na vitabu vyake. Gaston alisimama kwa haraka, tepu ya kupimia ikiwa shingoni. Shangazi akamsogelea mpaka karibu sana, akampandisha na kumshusha.

"Mbona mfupi hivi?" akasema. "Sauti yote ile ilikuwa inakaa wapi?"

Hélène akacheka kabla hajajizuia. Gaston akaangalia chini.

"Nimekuja kukuona, nimekuona. Sasa kaa. Tupeleke Kanada."

"Mama." Aliiondoa tepu shingoni, akaizungusha kidoleni. "Mi sikufika Kanada. Nilifika Lusaka. Miaka sita nilikuwa Lusaka."

"Nimekuuliza kama ulifika?"

Tepu ikasimama kidoleni. Hapo ndipo nilipoona kwamba maneno yote niliyoyapanga hayakuwa na kazi, isipokuwa yale ambayo sikuwa nimeyapanga.

"Papa Gaston," nikasema, "niliuona mkono wako siku ile. Ulipoigusa."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu Julai. "Uliona?"

"Niliona. Na nilijua maji yataganda. Nimeliandika jambo hilo kwenye daftari langu, miaka mingi."

"Ulijua." Alilifikiria. "Na ukachemusha?"

"Nikachemsha."

"Sufuria ngapi?"

"Zote."

Kitu kilianza kumtikisa mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti mwanzoni, kisha kwa sauti, akishika meza ya cherehani. "Njo maana hata ngazi ulimwaga!" akasema. "Weye mutu muzima! Basi tulikuwa wawili." Pazia likasogea kidogo. Akalitazama, kicheko kikamwisha, akavuta droo ya cherehani na kutoa simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, iliyofungwa kwa mpira.

"Ule alifika Kanada ni ndugu yangu mukubwa," akasema, akielekeza maneno yake upande wa pazia. "Théodore. Nyumba saba ni yake. Ule mama wa kijiko ni wake. Alikuwa ananitumia sauti wakati wa kazi, juu hakukuwa mutu mwingine wa kusema naye. Mwaka wa 2011 alianguka mbele ya nyumba ya ine, na beleshi mukononi. Moyo." Akaigeuza simu mkononi. "Mi nikaendelea kusema yake. Siku moja nikasema 'mimi' pahali pa 'yeye'. Hakuna mutu aliuliza. Ikabaki."

Hélène alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Niliona kwamba hata yeye alikuwa hajui.

Gaston akabonyeza kioo. Kwanza ulikuja upepo. Kisha beleshi: bapa la chuma juu ya zege, mvuto mrefu, kituo, mvuto mrefu. Hakuwa anainua. Kisha pumzi, na sauti nzito kama ya Gaston lakini ya mtu aliyechoka.

"Gaston, unalala? Hapa bado ni giza. Niko kwa nyumba ya tatu. Imeanguka usiku yote, ndugu yangu, imefika kwa magoti, na ingali inaanguka nyuma yangu." Beleshi. "Nikifika kwa lango nitapata mulango imefungwa tena." Akacheka, akakohoa. "Salimia Mama. Umuambie nakula vizuri." Beleshi, beleshi, na upepo, na ikakatika.

Sagesse alikuwa ametoka nyuma ya pazia. Shangazi, ambaye tangu Julai alikuwa hataki kulifumba jicho lile isipokuwa kwa usingizi, alikuwa amelifumba.

"Rudisha," akasema.

Gaston akarudisha, na Théodore akaanza tena nyumba ya tatu.